Mionzi na harufu ya waridi: mwongozo kamili kwa wapanda maua wa Lubumbashi

Watu wa Lubumbashi tukisikia neno mionzi, mawazo yanakimbilia Shinkolobwe. Ni haki yetu. Mgodi ule uko upande wa Likasi, urani iligunduliwa pale mwaka 1915, na sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu ya 1945 ilitoka humo. Kwa hiyo ukimwambia mtu kwamba mionzi hutumika pia kutafuta mawaridi yenye harufu mpya, atakutazama mara mbili. Lakini kazi hiyo ipo, ni ya miaka mingi na ina kanuni zake. Mwaka 1927 mwanasayansi wa Marekani Hermann Muller alionyesha kwamba eksirei hubadilisha urithi wa nzi wa matunda. Mwaka uliofuata mwenzake Mmarekani Lewis Stadler akaonyesha jambo hilo hilo kwenye shayiri. Leo zaidi ya aina 3,000 za mimea zilizopatikana kwa njia hii na nyingine za jamii yake zimeandikishwa katika daftari la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomi (IAEA), mawaridi yakiwemo.

Ila mengi ya mawaridi hayo yalichaguliwa kwa macho. Kule Lucknow, India, waridi linaloitwa 'Contempo' lilipigwa mionzi ya gama likatoa matawi ya manjano, ya pinki na ya mistari, na kila moja likapewa jina kwa rangi yake. Pua haikuwa na kazi kubwa hapo. Mimi naona hapo ndipo penye nafasi yetu. Kupiga mionzi ni kazi ya dakika chache na hufanywa na wenye mitambo. Kazi ngumu huanza vipandikizi vikirudi bustanini: kuvitunza, kuvikata, kuvinusa msimu baada ya msimu, na kujua ni kipi kimebadilika kweli. Kazi hiyo haidai maabara. Inaweza kufanywa uani Katuba, Kamalondo au Golf na mtu mwenye kisu kikali, chupa safi, daftari na subira.

Kabla ya yote: usiguse jiwe

Swali linalokuja mara nyingi ni kama kipande cha jiwe la Shinkolobwe kinaweza kuwekwa kando ya chungu cha waridi. Hapana, na hesabu peke yake inatosha kukuonyesha kwa nini. Mionzi iliyofyonzwa hupimwa kwa grei, kifupi Gy. Vipandikizi vya waridi kwa kawaida hupewa kati ya Gy 20 na Gy 60. Chukua jiwe tajiri kweli kweli, tuseme linatoa sehemu moja ya elfu ya grei kwa saa likiwa limegusana na kijiti. Kufikisha Gy 40 kutachukua saa 40,000, yaani zaidi ya miaka minne na nusu, na muda wote huo unaishi nalo wewe na watoto. Mtu akipata Gy 4 au 5 mwili mzima kwa mkupuo mmoja, bila matibabu nafasi yake ya kupona ni nusu kwa nusu. Juu ya hayo kuna vumbi la urani linaloingia mapafuni na gesi ya radoni inayotoka kwenye jiwe lenyewe. Mgodi ule ulifungwa kwa amri ya rais mwaka 2004. Mawe yake yabaki huko.

Mashine ya picha za kifua ya hospitali nayo haifai. Dozi yake haifiki hata sehemu moja ya elfu ya grei, na mmea hautashtuka.

Kinachotumika ni mionzi ya gama kutoka kobalti-60. Najua mtu wa Katanga akisikia hivyo ataangalia magari yanayotoka Kolwezi. Kobalti ya migodi yetu ni kobalti-59, imetulia, haitoi mionzi. Inageuka kobalti-60 baada tu ya kuwekwa ndani ya tanuri la nyuklia na kufyonza nyutroni. Hapo huanza kutoa gama, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5.27. Gama hiyo hupita ndani ya kijiti na kutoka upande wa pili bila kuacha chochote kinachotoa mionzi. Waridi lililopigwa gama unaweza kulishika, kulinusa na kuliweka mezani kama ua lingine lolote.

Harufu ya waridi inatoka wapi

Hapa tukae kidogo, maana asiyeelewa sehemu hii atanusa maua miaka mitatu bila kujua anachotafuta.

Harufu ya waridi ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali zinazovukizwa na ngozi ya petali, ya juu na ya chini. Zimegawanyika katika koo chache, na kila ukoo una vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoutengeneza, na kila kimeng'enya kina jeni yake, kipande cha urithi chenye maelekezo ya kukitengeneza. Mionzi haigusi harufu moja kwa moja. Inavunja jeni, kimeng'enya kinakosekana, na mstari wa utengenezaji unakatika mahali fulani. Ukijua mstari, unaweza kukisia palipokatika kwa kunusa tu.

Ukoo wa kwanza ni wa jeranioli, pamoja na ndugu zake sitroneloli na neroli. Hii ndiyo harufu ambayo watu wengi huiita ya waridi lenyewe, tamu yenye dokezo la ndimu. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani waridi huitengeneza kama mimea mingine mingi inavyofanya. Mwaka 2015 kundi lililoongozwa na Wafaransa lilionyesha vingine katika jarida la Science: walilinganisha 'Papa Meilland', lenye harufu nzito, na 'Rouge Meilland', ambalo harufu yake ni hafifu, wakakuta kimeng'enya kiitwacho NUDX1 kinafanya kazi kwa nguvu katika la kwanza na karibu hakipo katika la pili. Kwa hiyo jeni hiyo ikivunjwa na mionzi, tarajia ukoo mzima kuporomoka: ndimu inaondoka, utamu unapungua, na harufu za nyuma zilizokuwa zimefunikwa zinajitokeza. Kuna pia kimeng'enya AAT1 kinachogeuza jeranioli kuwa jeranili asetati, yenye utamu wa tunda bivu. Kikiharibika hicho peke yake, tunda linapotea na jeranioli inabaki imejaa. Ua linanukia kali zaidi. Ni mfano mzuri wa jeni kuvunjika na mnusaji kudhani kuna kitu kimeongezwa.

Ukoo wa pili ni wa fenilethanoli, harufu laini ya marashi ya waridi. Mmea huianzisha kutoka asidi-amino (kijenzi kimoja cha protini) inayoitwa fenilalanini: kwanza inakuwa fenilasetaldehidi, yenye harufu ya asali na ubichi wa majani, kisha inageuzwa kuwa fenilethanoli. Hatua ya pili ikikwama, asali huongezeka na ulaini hupungua. Hatua ya kwanza ikikwama, vyote viwili vinakosekana. Shika jambo moja hapa: fenilalanini hiyo hiyo ndiyo chanzo cha rangi nyekundu na ya zambarau ya petali. Mwaka 2002 watafiti wa Israeli walifunga njia ya rangi kwenye maua ya karnesheni. Rangi ilififia na harufu ikaongezeka. Ndiyo maana nasema tawi lolote lililopauka rangi baada ya mionzi lisikatwe kabla halijanuswa.

Ukoo wa tatu ni wa chai. Mawaridi ya asili ya Uchina hutoa dimethoksitolueni, na kutoka kwao imeingia katika mawaridi mengi ya kisasa. Vimeng'enya viwili, OOMT1 na OOMT2, hushirikiana kuitengeneza, na vinafanana kama mapacha: kinachoamua kazi ya kila kimoja ni asidi-amino moja tu. Mawaridi ya zamani ya Ulaya hayana OOMT1, na hayanukii chai. Tazama basi jinsi badiliko dogo lilivyozaa harufu mpya kabisa. Gama kwa kawaida haifanyi kazi ndogo namna hiyo. Inapasua maji ndani ya seli, mabaki yake yanaikata DNA pande zote mbili, na seli inapounganisha vipande, mara nyingi kipande kinapotea au kinageuzwa kichwa chini. Kwa hiyo kupoteza harufu ya chai kwa mionzi kunawezekana. Kuipata pale ambapo haikuwepo, usiisubiri.

Ukoo wa nne unatokana na karotenoidi, zile rangi za manjano za karoti na papai. Zikikatwa na vimeng'enya hutoa iononi beta na damaskenoni beta. Kiasi chake ni kidogo ajabu. Katika mafuta ya waridi la Bulgaria, damaskenoni ni kama asilimia 0.14 tu, huku sitroneloli ikipita asilimia 30. Lakini pua ya binadamu huikamata damaskenoni ikiwa sehemu 0.009 tu katika bilioni ndani ya maji, wakati fenilethanoli inahitaji sehemu 750. Badiliko dogo katika ukoo huu linaweza kugeuza ua zima, na mizani haitakuonyesha chochote. Kwenye krisantemu nyeupe imeonekana kwamba kimeng'enya kinachokata karotenoidi kikikosekana petali huwa za manjano. Basi waridi lako jeupe likitoa tawi la manjano, nusa kwa makini kama ule utamu wa tunda la kupikwa bado upo.

Mwisho kuna eugenoli, ile ya karafuu. Kila mama wa jikoni anaijua.

Ukiweka haya yote pamoja utaona kanuni ya kazi nzima. Mionzi hupiga jeni kama mvua ya mawe inavyopiga bati, haichagui pa kutoboa. Inapunguza kuliko inavyoongeza. Anayetafuta harufu mpya atafute ua lenye koo nyingi za harufu zilizorundikana, ili ukoo mmoja ukiondoka uliofichwa upate kusikika. Kupiga mionzi waridi lisilonukia kabisa ni kupoteza vipandikizi.

Hatua ya 1: Chagua mama

Waridi lina seti za kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni, saba saba. Mawaridi mengi ya bustani ya kisasa yana seti nne, jumla 28. Maana yake kila jeni ina nakala nne. Mionzi ikivunja moja, tatu zinaendelea kufanya kazi na wewe husikii tofauti. Mawaridi ya Kichina ya zamani, kama 'Old Blush', yana seti mbili tu, kromosomu 14, na jenomu ya 'Old Blush', yaani urithi wake wote, ilisomwa yote na kuchapishwa mwaka 2018. Kwa anayeanza, waridi la seti mbili ndilo linaloonyesha mabadiliko mapema.

Ukipenda la seti nne, basi lipime kwanza kwa mbegu. Acha matunda yaive, panda mbegu, na unuse watoto. Wakigawanyika, wengine wananukia na wengine hawanukii, mama yao ana nakala chache zinazofanya kazi, na pigo moja linaweza kutosha. Wakinukia wote sawa, tafuta mama mwingine.

Chagua mmea wenye afya ulioota mbali na vumbi la tanuri la shaba. Udongo uliojaa shaba hupausha majani, hudumaza machipukizi na kupunguza maua, na dalili hizo zinafanana mno na zile za mionzi. Mimi hupendelea udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi iliyooza, mama na watoto wote kwenye mchanganyiko uleule.

Hatua ya 2: Andika harufu ya mama kabla ya chochote

Nusa mama kwa msimu mzima na uandike kwa maneno ya vitu unavyovijua: chai, ndimu, asali, karafuu, papai bivu, majani mabichi. Usiandike "nzuri" au "kali" peke yake. Mwaka unaofuata maneno hayo hayatakusaidia kitu.

Hatua ya 3: Vipandikizi na dozi

Kata vijiti vya unene wa kalamu kutoka tawi ambalo ua lake limenyauka karibuni. Jaribu mwiba kwa kidole gumba: ukisukumwa kando na kung'oka safi, ukiacha kovu lenye unyevu, kijiti kimekomaa sawasawa. Ondoa majani ukiacha vikonyo vifupi, bakiza macho (machipukizi madogo yaliyolala kwapani mwa majani) matatu hadi matano kwa kila kijiti, funga kwa gazeti lenye unyevu kisha plastiki, na weka pahali pa baridi. Andika alama kwenye kila fungu kwa kalamu isiyofutika.

Mionzi yenyewe haipatikani kwa kubisha hodi peke yako. Njia ya halali ni kupitia taasisi: kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, au mtafiti yeyote anayeweza kuandika ombi kwa Tume Kuu ya Nishati ya Atomi (CGEA) huko Kinshasa, mji uliowasha tanuri la kwanza la nyuklia barani Afrika, TRICO I, mwaka 1959. IAEA, ambayo Kongo ni mwanachama wake, ina maabara Seibersdorf karibu na Vienna inayopiga mionzi mbegu na vipandikizi kwa ajili ya nchi wanachama. Vijiti vinavyovuka mpaka vinahitaji cheti cha afya ya mimea. Kikundi cha wapanda maua kikijiunga na mwalimu mmoja wa chuo, ombi lina uzito zaidi kuliko la mtu mmoja.

Usiombe dozi moja. Omba ngazi: 0, 10, 20, 30, 40, 60 na 80 Gy, macho 20 kwa kila ngazi. Ile ya sifuri ni muhimu kama nyingine zote. Ilifungwa, ilisafiri, ilikatwa kwa kisu kile kile, na bila hiyo huwezi kujua kilichoua macho ni mionzi au ni safari. Baada ya miezi miwili hesabu yaliyo hai. Dozi inayoua nusu ndiyo kipimo chako; kazi kubwa ya mamia ya macho uifanye chini yake kidogo. Juu ya hapo utapata vilema vingi visivyotoa maua.

Hatua ya 4: Kubebesha macho

Kijiti kilichopigwa mionzi hutoa mizizi kwa shida. Kwa hiyo bebesha jicho lake juu ya mche wenye mizizi yake, waridi lolote la mwituni au la ua wa nyumba lenye nguvu. Hapa kwetu fanya hivyo Machi hadi mwanzo wa Aprili, mvua zikiwa bado zinanyesha na gome linafunguka kwa urahisi. Chana gome la mche wa chini kwa umbo la herufi T, sentimita chache juu ya udongo. Chukua jicho na kipande cha gome lake cha sentimita mbili au tatu, liteleze ndani, funga kwa utepe wa plastiki ukiacha jicho wazi. Baada ya wiki tatu, kikonyo kikidondoka chenyewe ukikigusa, limeshika. Kikikauka na kung'ang'ania, limekufa.

Hatua ya 5: Usihukumu maua ya kwanza

Maua ya mwanzo yatakushangaza. Petali zimejikunja, majani yana makunyanzi, harufu ni hafifu au ya ajabu. Mengi ya hayo ni maumivu ya seli tu na yatapona. Jicho lilikuwa na seli nyingi wakati wa mionzi, na kila moja ilipigwa kivyake; tawi linaloota ni mkusanyiko wa seli zilizobadilika na zisizobadilika zikishindana.

Kazi yako ni kuzitenganisha. Tawi la kwanza likishatoa maua, likate libaki na macho manne au matano ya chini. Yakichipua, hicho ni kizazi cha pili. Kata tena, kizazi cha tatu. Hapo ndipo kelele zinapotulia na badiliko la kweli linabaki upande wake wa tawi.

Jifunze kuuona upande huo. Simama mbele ya tawi na ufuate mstari kutoka chini: jani lenye mchirizi uliopauka, juu yake jingine lenye mchirizi upande uleule, kisha ua ambalo petali tatu au nne za upande huo zina rangi tofauti kidogo. Jicho lililo kwapani mwa jani hilo lenye mchirizi ndilo la kubebesha. Na kama ua limegawanyika hivyo, litenganishe: petali za upande mmoja kwenye chupa moja, za upande mwingine kwenye chupa nyingine, funika, subiri nusu saa, kisha fungua na unuse zote mbili. Ua moja linaweza kukupa mama na mtoto kwa pamoja, kwenye udongo uleule, asubuhi ileile. Sijui jaribio safi kuliko hilo.

Hatua ya 6: Kunusa kwa utaratibu

Wengi huharibikiwa hapa. Harufu ya waridi hubadilika kwa saa, kwa joto na kwa umri wa ua, na tofauti hizo zinaweza kuwa kubwa kuliko badiliko la jeni unalolitafuta.

Chuma maua yaliyofunguka nusu. Tumba halina harufu ya kutosha na ua lililochanua kabisa limeshaitoa. Chuma kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Juni na Julai asubuhi zetu ni za baridi kali, harufu inachelewa, kwa hiyo usianze mapema. Kuanzia Julai hadi mvua za Novemba, moto wa porini hujaza moshi mjini na vumbi hukaa kwenye petali; mimi huweka vipimo vikubwa Mei, mvua zikiwa zimekatika na hewa bado ni safi. Mnusaji asiwe ametoka kuwasha mbabula, jiko la makaa, wala kukaanga samaki mkavu, asijipake manukato, na asiwe na mafua.

Pima petali kwa mizani ndogo, uzito sawa katika kila chupa. Ua lenye petali 15 haliwezi kushindana na lenye 40, na mionzi mara nyingi hupunguza petali. Ukiruka kipimo hiki utatangaza badiliko la harufu ambalo ni badiliko la ukubwa tu.

Kisha fanya jaribio la chupa tatu. Mbili zina petali za mama, moja ya mtoto, au kinyume chake. Chupa zimefunikwa kwa karatasi na kupewa namba, na anayezipanga hayupo mbele ya anayenusa. Mnusaji achague iliyo tofauti. Kwa kubahatisha atapata mara moja katika tatu. Akipata sahihi mara 8 au zaidi katika majaribio 12, una sababu nzuri ya kuamini kwamba tofauti ipo. Mara 6 au 7 hazitoshi, hata kama moyo unataka.

Wanusaji wazuri usiwatafute kwa vyeti. Mama anayeuza viungo soko la Kenya hapa mjini, anayetambua karafuu ya zamani kwa kufungua mfuko tu, atakushinda wewe na mimi. Mheshimu, mwite mama, mpe muda na maji ya kunywa, na apumzike kati ya chupa na chupa, pua huchoka.

Hatua ya 7: Soma kilichotokea

Sasa rudi kwenye daftari la mama na ulinganishe na zile koo. Ndimu na utamu vimepotea kwa pamoja, mengine yamebaki: shuku NUDX1. Tunda limepotea na ukali umeongezeka: shuku AAT1. Asali imepanda, ulaini umeshuka: hatua ya pili ya fenilethanoli. Chai imeondoka peke yake: OOMT. Kila kitu kimepungua kwa pamoja: huenda ngozi ya petali au mmea mzima ni dhaifu, na hiyo haina thamani kubwa.

Haya ni makisio ya kuelekeza kazi. Uthibitisho ni wa mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha na kupima kemikali za harufu. Ukipata mtafiti mwenye nayo, mpelekee petali zilizopimwa uzito, zilizogandishwa mara tu baada ya kuchumwa, za mama na za mtoto kutoka asubuhi ileile, angalau maua matano ya kila upande.

Kama mionzi haipatikani

Mimea hubadilika yenyewe pia, polepole. Waridi 'Chicago Peace' la mwaka 1962 ni tawi lililojigeuza la 'Peace'. Mawaridi ya ukoga, yale yenye manyoya yanayonata kwenye tumba, yalitokana na badiliko la namna hiyo, na hapo harufu ilibadilika kweli: manyoya yale hutoa utomvu unaonukia kama msonobari ukiyasugua kwa vidole. Tembelea bustani za kale za mji huu zenye mawaridi ya miaka mingi, omba ruhusa kwa mwenye nyumba, na uangalie tawi moja linalotofautiana na mengine. Kuanzia hatua ya 5, kila kitu nilichoandika kinatumika vilevile.

Hatua ya 8: Kulilinda badiliko

Shina la waridi lina tabaka tatu za seli. Harufu hutoka kwenye ngozi, tabaka la kwanza. Mayai na chavua hutoka tabaka la pili. Badiliko likikaa kwenye ngozi peke yake, ua litanukia vingine lakini mbegu zake hazitakuwa na habari hiyo. Kwa hiyo zidisha kwa macho na vipandikizi, kamwe si kwa mbegu, na chipukizi lolote linaloota chini ya ungio ling'oe hadi chini, kwa sababu ni la mche wa kubebea na litaumeza mmea. Ukitaka kujua kama badiliko limefika ndani, panda mbegu kwa ajili ya jaribio tu na unuse watoto. Likionekana kwao, unaweza kulitumia kuzalisha mawaridi mengine.

Toa macho kwa watu watatu katika komini tatu tofauti, wenye udongo na maji tofauti, kila mmoja apande mtoto na mama kando kwa kando. Wanuse kwa chupa tatu bila kuambiwa unatarajia nini, kwa misimu miwili ya maua. Badiliko likisimama katika bustani zote tatu, lipe jina, na uandike pembeni jina la mama, dozi na mwezi wa mionzi, ili atakayeendeleza kazi baada yako ajue alipoanzia.